Maswali na Majibu: Kunukuliwa na Kusomwa

Mwezi uliopita niliandika katika safu hii kwamba wachumi hupimana kwa idadi ya mara ambazo kazi zao zimenukuliwa na wenzao, na nikawataja kwa kupita tu watu wa nadharia ya michezo na wale wa minada. Barua zimekuja kwa wingi, na si za wanavyuo peke yao. Nimechagua hizi. Nilizozifupisha nimejitahidi nisiziharibu maana.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko chuo mwaka wa pili, anasoma uchumi. Likizo hii kaniambia anataka kubobea kwenye "nadharia ya michezo". Baba yake kanuna wiki nzima. Ada tunailipa kwa machungwa, halafu mtoto aende akacheze? (Mama wa watoto wanne, Muheza)

JIBU: Marahaba, mama. Mtulize baba watoto, maana jina la somo ndilo linalompotosha.

Jioni pita kwenye baraza lolote lenye bao. Wazee wawili, mashimo 32, kete 64. Fundi hatazami kete zake tu. Anajiuliza: nikila hapa, mwenzangu atanijibu wapi, na akinijibu hivyo mimi nitabaki na nini? Nadharia ya michezo ni kuyaweka mawazo hayo kwenye hesabu, kisha kuyatoa barazani na kuyapeleka kila mahali ambapo faida yangu inategemea utakachofanya wewe. Nawe uko ndani yake kila msimu. Lori la mnunuzi linaingia Muheza, anataja bei ya chini. Anajua machungwa yako yameiva na hayasubiri, anajua pia kwamba jirani yako anataka kuuza leo leo. Ukikataa na jirani akakubali, yako yameoza. Mkikataa wote, anapandisha. Huo ndio mchezo wenyewe, na ada ya mtoto wako imo ndani yake.

Waliouweka msingi ni mwanahisabati John von Neumann na mchumi Oskar Morgenstern, waliochapisha kitabu chao kikubwa mwaka 1944. Mwaka 1950 kijana wa miaka 21 pale Princeton, John Nash, akaandika tasnifu ya kurasa 28 hivi. Alionyesha kwamba katika michezo ya namna nyingi mno iko hali ambayo hakuna mchezaji atakayefaidika kwa kubadili mwendo wake peke yake, ilhali wengine wamebaki na wao. Leo hali hiyo inaitwa msawazo wa Nash. Bao ni mchezo wa wazi, kila kete inaonekana. Biashara inafanana zaidi na karata, kwa kuwa hujui mwenzako ameshika nini, na John Harsanyi ndiye aliyeonyesha mwaka 1967 na 1968 jinsi ya kuipigia hesabu michezo ya namna hiyo. Hao wawili pamoja na Mjerumani Reinhard Selten walipewa Nobel ya uchumi mwaka 1994.

Kazi zipo. Nadharia hii imetumika kuwapangia madaktari wapya wa Marekani hospitali za kwenda kufanya kazi, kutafuta njia ya kubadilishana figo kati ya familia ambazo ndugu hawalingani damu, na kuendesha minada ya serikali. Muulize mwanao jambo moja tu: je, hesabu anazipenda kiasi cha kukaa nazo usiku? Akisema ndiyo, mwacheni aende.

SWALI: Mwalimu, msimamizi wangu wa tasnifu alituambia "h" yake ni 4, na akaonekana kuona haya. Hiyo h ni nini, na 4 ni aibu? (Mwanafunzi wa uzamili, Makorora)

JIBU: Chukua daftari. Andika makala zake zote kwa kushuka, iliyonukuliwa zaidi ikae juu. Tuseme ni sita, na zimenukuliwa mara 40, 22, 9, 5, 4 na 1. Sasa shuka nazo ukihesabu. Ya kwanza ina angalau 1, sawa. Ya pili ina angalau 2, sawa. Ya tatu ina 9, imevuka 3. Ya nne ina 5, imevuka 4. Ya tano ina 4, haifiki 5. Simama hapo. h yake ni 4: makala nne, kila moja imenukuliwa mara nne au zaidi. Aliyekibuni kipimo hiki ni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, mwaka 2005. Alikusudia kumkwepa mtu mwenye makala moja iliyovuma na mtu mwenye makala mia zisizosomwa na yeyote.

Sasa tazama kinachotokea ukikipeleka kwenye nadharia ya michezo. Kazi kubwa za Nash katika fani hii ni nne. Ile ya mwanzo ya 1950, ambayo haijazi hata kurasa mbili. Ya majadiliano ya bei, mwaka huo huo. Ya 1951 iliyotokana na tasnifu yake. Na moja ya 1953. Ukizihesabu hizo nne peke yake, h ya Nash ni 4. Haiwezi kuzidi hapo hata kila moja ikinukuliwa mara laki moja, maana kipimo hakihesabu zaidi ya idadi ya makala. Msimamizi wako na mtu aliyebadilisha uchumi wa karne nzima wamekaa mstari mmoja. Sisemi wako sawa. Nasema fimbo hiyo ya kupimia ni fupi mno kwa mtu mrefu.

Liko na jambo la pili. Leo makala nyingi zinazotumia msawazo wa Nash hazitaji makala yake yoyote. Jina limegeuka msamiati, kama vile asemaye "haraka haraka haina baraka" asivyoulizwa nani aliyeisema kwanza. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza hili zamani: kazi ikishazama kabisa katika maarifa ya watu wote, watu huacha kuitaja ilikotoka. Kwa hiyo mafanikio makubwa kuliko yote hayaonekani kwenye hesabu.

Ukitaka kumlinganisha mtu, mlinganishe na wa fani yake na wa umri wake. Mtafiti wa tiba huandika makala nyingi pamoja na wenzake kumi au ishirini. Mwananadharia anaweza kukaa miaka mitatu na makala moja, peke yake, akifuta na kuandika upya uthibitisho ule ule.

SWALI: Nitaona wapi nani kamnukuu nani bila kulipia? Bando lenyewe la shida. (Kijana wa Pongwe)

JIBU: Google Scholar, ipo tangu 2004 na ni bure. Inahesabu karibu kila kitu, pamoja na tasnifu na rasimu, kwa hiyo namba zake huwa kubwa kuliko za hifadhi za nukuu za kulipia. Kwa uchumi hasa, tafuta RePEc, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kuendeshwa na wachumi wa kujitolea; humo utapata rasimu za bure za makala ambazo jarida linaziuza. Ukikosa kabisa, mwandikie mwandishi barua pepe kwa adabu. Wengi hutuma siku hiyo hiyo, na hufurahi.

SWALI: Mwalimu, mimi nanunua samaki mnadani Deep Sea, hapa Tanga, nakaanga, nauza Ngamiani. Ulisema kuna watu wamepewa tuzo ya dunia kwa kuandika juu ya mnada. Sisi tuko mnadani kila siku. Wamejua nini ambacho sisi hatujui? (Dada mkaangaji)

JIBU: Dada yangu, sikutaka kukujibu nikiwa nimekaa mezani. Jumamosi niliamka alfajiri nikaja.

Boti iliingia jua bado changa. Fungu la changu na pono likamwagwa juu ya saruji iliyolowa, na dalali akaanza na elfu kumi na nane. Karibu yangu alisimama mama mmoja, kanga kaifunga kiunoni. Aliinama, akafunua shavu la changu kwa kidole gumba akatazama wekundu, akainuka bila kusema neno. Kila bei ilipotajwa alitikisa kichwa kidogo tu, mpaka nikadhani dalali hamwoni. Alimwona. Wakabaki wawili, yeye na kijana mwenye deli la buluu. Kijana akaishia elfu ishirini na sita. Mama akachukua kwa ishirini na saba. Baadaye nilimuuliza angefika ngapi. Akaniambia thelathini, zaidi ya hapo angeondoka.

Angalia sasa: thamani ya fungu kwake ilikuwa elfu thelathini, lakini hakuilipa. Alilipa mahali alipoishia mwenzake, na kidogo juu yake. William Vickrey wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliliandika jambo hilo kwa hesabu mwaka 1961. Kisha akauliza: je, tukiandika bei kwenye karatasi zilizofungwa, mwenye kubwa akachukua mali lakini akalipa bei ya yule wa pili? Matokeo yanakuwa yale yale ya mnada wa sauti, na kila mtu anafaidika kwa kuandika thamani yake ya kweli, kwa sababu alichokiandika ndicho kinachoamua kama anapata mali, wala si kiasi atakacholipa. Wewe na mama yule mlikuwa mnalijua hilo kwa mwili. Vickrey alilithibitisha, na uthibitisho ukawezesha kubuni minada ya vitu ambavyo havijawahi kupigwa mnada.

Jambo la pili litakufaa mfukoni. Fungu la wazi unaliona. Lakini deli lililofungwa, barafu juu, samaki chini, kila mmoja anakisia. Atakayeshinda ni nani? Yule aliyekisia juu kuliko wote, na mara nyingi ndiye aliyekosea kuliko wote. Anashinda mnada na kula hasara. Robert Wilson wa Stanford alianza kuandika juu ya mtego huo miaka ya 1960. Wanaoujua hushusha bei yao kadiri mali inavyofichika na kadiri wanunuzi wanavyokuwa wengi. Wewe pia, deli likiwa limefungwa na watu wamejaa, shuka.

Wilson na mwanafunzi wake wa zamani Paul Milgrom walisaidia kubuni mnada ambao Marekani iliuanza mwaka 1994 kwa kuuza masafa ya mawasiliano, na mwaka 2020 wakapewa Nobel kwa pamoja. Wakati huo waliishi mtaa mmoja, nyumba zikitazamana. Simu ya watoa tuzo kutoka Sweden ilimpata Wilson usiku wa manane, Milgrom hakupatikana, basi mzee akavuka barabara na mkewe wakapiga hodi mlangoni mpaka mwenzake akatoka kuambiwa kwamba ameshinda. Mwanafunzi mwingine wa Wilson, Alvin Roth, alikuwa ameshaipata mwaka 2012, na Bengt Holmström mwaka 2016. Watatu kutoka kwa mwalimu mmoja. Hilo haliandikwi popote kwenye h ya mtu.

Vickrey naye alisubiri. Makala ni ya 1961, tuzo ikaja Oktoba 1996, na siku tatu baada ya kutangazwa akafariki. Nikilikumbuka hilo huwa nasita sana kumwambia kijana kwamba kazi yake haina thamani kwa kuwa haijanukuliwa katika miaka mitano.

SWALI: Makala yangu imekataliwa na jarida la tatu. Mpitiaji mmoja kasema jambo lenyewe ni dogo, la kila siku. Niache? (Mhadhiri kijana, Tanga mjini)

JIBU: Pole, ndugu yangu. Najua barua hiyo inavyosomwa: mara ya kwanza haraka, mara ya pili mstari kwa mstari, ya tatu usiku.

George Akerlof alikuwa mhadhiri mpya Berkeley alipoandika makala kuhusu magari yaliyotumika. Hoja ilikuwa hii: muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi anaogopa na kutoa bei ya wastani. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo haimfai, anaondoa gari lake sokoni. Yanabaki mabovu, bei inazidi kushuka, na soko linaweza kufa kabisa ilhali wauzaji na wanunuzi wa kweli wapo. Kila aliyewahi kununua pikipiki ya mkononi anaijua hofu hiyo, ya kusikiliza injini na kutazama macho ya muuzaji.

Majarida matatu yaliikataa. Mawili yalisema jambo lenyewe ni dogo, hawachapishi vitu vya namna hiyo. La tatu likasema, kama hoja hii ni kweli, basi uchumi ungekuwa kitu kingine. La nne likaichapisha mwaka 1970. Mwaka 2001 akapewa Nobel, na makala hiyo ni miongoni mwa zinazonukuliwa zaidi katika uchumi wote.

Sikuambii kwamba kila kinachokataliwa ni dhahabu. Nimekataliwa mara nyingi, na mara nyingi walionikataa walikuwa na haki. Ila tofautisha sababu. Mpitiaji akikuonyesha kosa, hiyo ni zawadi, kaa chini urekebishe. Akisema "ni la kila siku", muulize moyoni: la kila siku kwa nani, na nani amekwisha kulieleza? Kama huna jina la kumjibu, peleka jarida la nne.

SWALI: Kitengoni kwetu tumewekeana utaratibu: kila anayeandika makala lazima awataje wenzake watano. Wanasema tukipanda, tunapanda wote. Mimi nasita. Kuna ubaya? (Mhadhiri msaidizi, ameomba asitajwe chuo)

JIBU: Ubaya upo, na nitaueleza kwa lugha ya fani yenyewe, kwa sababu hakuna mfano mzuri wa nadharia ya michezo kuliko huu.

Unaijua lumbesa. Mnunuzi wa viazi anafika shambani na gunia, analijaza, kisha anashonea kichwa juu yake, na bei ni ile ile ya gunia moja. Mkulima mmoja akikataa, mnunuzi anavuka mfereji na kwenda kwa jirani. Kwa hiyo kila mmoja, akijitazama peke yake, anaona heri akubali. Wakikubali wote, hakuna aliyempata mnunuzi zaidi ya mwenzake, ila wote wametoa viazi vya bure, na neno "gunia" limepoteza maana. Serikali imepiga marufuku na kupiga marufuku tena.

Sasa weka vitengo viwili vya chuo mahali pa wakulima wawili. Visipotajana kwa njama, hesabu inafuata kazi. Kimoja kikianza, kinapanda juu ya kingine. Cha pili kinaona hivyo, nacho kinaanza. Mwisho namba za wote zimevimba, mpangilio umebaki ulivyokuwa, na msomaji wa nje hajui tena namba ipi ni viazi na ipi ni kichwa cha lumbesa. Mchezo wa umbo hili uliwekwa wazi mwaka 1950 na Merrill Flood na Melvin Dresher wa taasisi ya utafiti ya RAND, Marekani, na Albert Tucker ndiye aliyeuvisha kisa cha wafungwa wawili wanaohojiwa vyumba tofauti. Kila mmoja anamsaliti mwenzake kwa kufuata akili, na wote wanaishia pabaya kuliko kama wangenyamaza. Mwaka 1975 naye Charles Goodhart, mchumi wa Benki Kuu ya Uingereza, akatoa onyo ambalo limekuwa kanuni: kipimo kikishageuzwa kuwa shabaha, hakipimi tena.

Usidhani pia kwamba njama haionekani. Kunukuliana kunaacha nyayo, ni mistari tu kati ya majina, na kompyuta inaichora kwa dakika. Majarida yaliyokutwa yakipandishana kwa njia hiyo yamewahi kuondolewa kwenye orodha za vipimo, na waandishi wake wasio na hatia wakaondoka nayo.

Nina deni langu katika jambo hili. Miaka mingi iliyopita mpitiaji wa jarida moja alinitaka nitaje makala tatu za mtu mmoja, ambazo hazikuhusiana kabisa na yangu. Nilijua ni zake. Nilikuwa nahitaji kupanda cheo, nikazitaja. Makala ikatoka. Mpaka leo nikifungua ukurasa ule jicho linakwenda pale pale.

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni cha kidole. Kwa kila jina kwenye marejeo yako, weka kidole kwenye sentensi yako ambayo isingeweza kuandikwa bila kazi ya mtu huyo. Kidole kikikosa pa kukaa, futa jina, hata likiwa langu. Kwa wenzako wa kitengo, pendekeza jambo lingine: kila makala ya mmoja isomwe na wengine watano kabla ya kutumwa. Robert Axelrod alipowashindanisha watu kwa programu za kompyuta karibu na mwaka 1980, katika mchezo ule ule wa wafungwa lakini unaorudiwa mara nyingi, iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mfanyie mwenzako alichokufanyia mara iliyopita. Ninyi mnaonana kila asubuhi. Mna nafasi ya kuanza kwa wema ambayo wageni wawili hawana.

SWALI: Kwa nini makala za uchumi majina ya waandishi hufuata alfabeti? (Mwanafunzi wa kidato cha sita)

JIBU: Ni desturi ya fani, kuonyesha kwamba wamechangia sawa. Shida ni kwamba wa pili na wa tatu humezwa na "na wenzake", kwa hiyo mwenye jina la A huonekana zaidi ya mwenye jina la Z. Siku hizi wengine hupanga majina kwa bahati nasibu. Ukinukuu, taja wote angalau mara ya kwanza.

SWALI: Binti yangu Mwalimu, mimi ni mvuvi wa Kigombe, mzee sasa. Semina moja mtaalamu alisema kitu cha wote ni lazima kiharibike, na kwamba wasomi dunia nzima wanamnukuu aliyesema hivyo. Nilitaka kumjibu nikakosa maneno.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Maneno unayo, ila yalikuwa yanangoja mwenzake.

Aliyenukuliwa ni Garrett Hardin, mtaalamu wa biolojia, aliyeandika mwaka 1968 kuhusu malisho ya wote. Kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja, kwa sababu faida ni yake na hasara inagawanywa kwa wote, mpaka nyasi zinakwisha. Umbo lake ni lile lile la lumbesa. Na wewe umeliona baharini: aliyetupa baruti alijaza boti kwa asubuhi moja, aliyeshika mshipi na dema akarudi mikono mitupu, na matumbawe yaliyovunjika hayakuwa ya aliyetupa peke yake.

Lakini Hardin aliwaza watu wasiosemezana. Elinor Ostrom, Mmarekani, alikwenda kutazama watu wanaosemezana. Katika kitabu chake cha 1990 wamo wavuvi wa Alanya, Uturuki. Kila Septemba waliandika orodha ya wavuvi na orodha ya maeneo ya kutega nyavu, wakagawana kwa bahati nasibu. Kuanzia hapo kila siku kila mmoja alisogea eneo moja upande wa mashariki, hadi Januari, kisha walirudi kuelekea magharibi. Kwa hiyo kila mtu alipata zamu ya pazuri na ya pabaya, na aliyetaka kuiba zamu alikutana uso kwa uso na mwenye zamu. Aligundua kwamba mali ya wote hudumu pale mipaka inapojulikana, kanuni zinapotungwa na wanaozitumia, walinzi wanapowajibika kwa wavuvi wenyewe, na adhabu inapoanza ndogo na kupanda kwa mkaidi.

Huyu mama aliomba kusomea uzamivu wa uchumi akakataliwa kwa kuwa hakuwa na hesabu za kutosha. Akasomea siasa. Baadaye alikwenda Ujerumani kukaa na Selten na watu wa nadharia ya michezo, akazitumia hesabu zao kueleza alichokiona kwa wavuvi na wakulima. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nobel ya uchumi. Alifariki 2012.

Mtaalamu wako hakudanganya: Hardin amenukuliwa maelfu kwa maelfu ya mara. Ila wako wanaomnukuu ili wampinge, na mashine huhesabu ubishi na sifa kuwa kitu kimoja. Semina ijayo, mzee wangu, simama uwaeleze jinsi mlivyokuwa mkigawana miamba kabla ya baruti, nani alianza, nani aliamua, mkorofi alifanywa nini. Na mwombe kijana mmoja aandike unaposema.

SWALI: Natafiti namna wakulima na madalali wanavyopatana bei ya machungwa. Nikiandika kwa Kiswahili, nani atanijua? Nikiandika kwa Kiingereza, wakulima hawatasoma. (Mwanafunzi wa uzamili, Tanga)

JIBU: Swali hili limenikaa kuliko yote. Hifadhi kubwa za kuhesabu nukuu zimejengwa juu ya majarida ya Kiingereza, na makala ya Kiswahili huweza kusomwa na mia bila kuacha alama hata moja humo. Kwa sasa hali ndiyo hiyo, na wewe una cheo cha kupanda na nyumba ya kulisha. Siwezi kukutaka ujitoe mhanga.

Kwa hiyo andika mara mbili. Andika ya Kiingereza kwa ajili ya jarida, na uweke ikisiri ya Kiswahili. Wahariri wengi hawakatai ukiwaomba. Tumia mfano wa Ariel Rubinstein wa mwaka 1982, ule wa watu wawili wanaopokezana kutaja bei huku kila siku ya kuchelewa ikiwala, maana kwa machungwa yaliyoiva umekaa kama umeshonewa. Mwenye subira hupata fungu kubwa, na mkulima ndiye asiye na subira, kwa sababu ya jua na nzi. Taja kazi za wenzetu wa hapa waliotangulia, hata zile zilizobaki kwenye makabati ya maktaba ya chuo, kwa sababu usipozitaja wewe hakuna atakayezitaja.

Kisha andika ya Kiswahili, kurasa nane au kumi, bila alama za hesabu. Uanze na lori linaingia shambani. Ichapishe nakala chache kwenye steshenari, upande daladala urudi Muheza, umpe kila mkulima aliyekaa nawe akajibu maswali yako, na umsomee yule asiyeona vizuri.